Nyumba ni ileile, mbunge anabadilika: kwa nini mipaka ya North Carolina haitulii

Swali la wiki hii limetoka kwa dada mmoja wa Greensboro, North Carolina. Nimelifupisha: "Habari kaka. Mimi ni Mkongo, nilikaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, tukaletwa Greensboro 2015 na mpaka leo niko nyumba ileile, sijahama hata siku moja. Nilipofika niliambiwa niko jimbo la 12. Mwaka uliofuata nikaambiwa hapana, ni la 13. Nilipopata uraia na kupiga kura mara ya kwanza 2020 ilikuwa la 6. Halafu 2024 nafungua karatasi ya kura nakuta majina ambayo sijawahi kuyasikia, na dada yangu anayekaa mtaa wa pili tu kutoka kwangu ana mbunge mwingine kabisa. Hivi hii mipaka inahamishwa na nani, na kwa nini kila mara? Na kura yangu bado ina kazi?"

Dada, kwanza pole, na pili hongera kwa kugundua, maana wapo watu wamezaliwa humu na hawajui wako jimbo gani. Mimi kazi yangu ni ramani za kompyuta, nimekaa na hizi faili za mipaka ya North Carolina miaka mingi na nakwambia ukweli hata mimi huwa narudi kuangalia tarehe kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo hukukosea kuhesabu. Tangu 2016 mpaka sasa steti yenu imepiga kura za Kongresi kwa ramani ya 2016, ya 2019, ya 2022, ya 2023, na kuna nyingine imepitishwa Oktoba 2025 kwa ajili ya uchaguzi wa 2026. Na hapo sijahesabu ile ya 2021 ambayo mahakama iliiua kabla haijatumika.

Tuelewane maneno kidogo, maana hapa Waswahili tunachanganyana. Ukisema jimbo kwa Mkongo anafikiria Kivu, kwa Mtanzania ni eneo la mbunge, na huku Marekani wengi wetu tunaiita steti nzima jimbo. Mimi nikisema steti ni North Carolina yote, nikisema jimbo ni lile eneo linalompeleka mtu mmoja Washington kwenye Baraza la Wawakilishi. Kaunti ni kaunti, yenu ni Guilford.

Sasa utaratibu wa kawaida, ambao ungetosha kama watu wangekuwa malaika. Kila miaka 10 kuna sensa. Viti vya Baraza ni 435, vinagawanywa upya kwa kila steti kulingana na watu. Sensa ya 2020 ilikuta North Carolina ina watu 10,439,388 kwa hiyo wakapewa viti 14, kutoka 13 vya mwanzo. Gawanya, unapata kama watu 745,670 kwa kila jimbo, na tangu kesi za miaka ya 1960 mahakama zinataka majimbo yalingane watu, kwenye ramani za Kongresi wanalinganisha mpaka mtu mmoja. Kwa hiyo mipaka lazima iguswe kila baada ya sensa, hilo halina ubishi, Raleigh na Charlotte zinajaa na vijiji vya mashariki vinapungua, lazima usogeze. Lakini hiyo ni mara moja kwa miaka 10, dada. Wewe umehamishwa bila kuhama mara tatu na zaidi ndani ya miaka 9, hiyo siyo sensa.

Anayechora ni Bunge la steti lililoko Raleigh, basi. Hakuna tume huru. Ukizoea mambo ya Kenya kuna tume ya IEBC, Tanzania kuna Tume ya Uchaguzi, unaweza kulalamika kuhusu hizo tume mpaka kesho lakini angalau mchoraji siyo mgombea mwenyewe. Raleigh wabunge wanachora ramani ya Kongresi na wanachora pia ramani ya majimbo yao wenyewe. Na kuna kitu watu wengi hawakijui: gavana wa North Carolina hana veto, yaani nguvu ya kuikataa sheria, kwenye ramani. Hata hiyo veto ya kawaida alipewa juzi tu, kwa mabadiliko ya katiba ya 1996, na siku wanampa waliweka kabisa kwamba mambo ya mipaka hayamhusu. Kwa hiyo steti inaweza kumchagua gavana wa chama hiki kwa kura za watu wote, na Bunge la chama kile likapitisha ramani asubuhi na mchana ikawa sheria, gavana anasoma kwenye gazeti kama wewe.

Hapo ndo shida inapoanza, na haikuanza jana. Naomba unipe dakika nikurudishe nyuma kidogo.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe watu weusi walipata kura, na sehemu ya mashariki ya steti walikuwa wengi sana. Mwaka 1872 Bunge lililokuwa mikononi mwa Wademokrat (wakati huo wao ndo walikuwa chama cha wazungu wa Kusini, usichanganye na wa leo) lilichora jimbo la 2 likawarundika weusi humo kadiri ilivyowezekana. Hesabu yao ilikuwa rahisi: tukiwaachia jimbo moja, mengine yote tunabaki nayo. Watu wakaliita the Black Second, jimbo la pili la weusi. Lakini lile jimbo likatoa wabunge weusi wanne, John Hyman, James O'Hara, Henry Cheatham na George Henry White. White aliondoka 1901, na baada yake hakukuwa na mbunge mweusi Kongresi nzima ya Marekani mpaka Oscar De Priest wa Chicago alipochaguliwa 1928. Kwa North Carolina yenyewe ilichukua mpaka 1992. Miaka 91. Sababu siyo ramani peke yake, mwaka 1900 steti ilibadilisha katiba ikaweka mtihani wa kusoma na kodi ya kupiga kura, na mzungu asiyejua kusoma akapewa mlango wa pembeni kama babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura kabla weusi hawajaipata. Ukishamfuta mtu kwenye daftari huna haja ya kumchorea mpaka.

Ruka mpaka 1990. Sensa ile iliwapa kiti cha 12. Wakati huo sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ilikuwa bado ina meno, kaunti 40 za North Carolina zilitakiwa kupeleka mabadiliko yoyote ya uchaguzi Washington kukaguliwa kwanza. Bunge, Wademokrat tena, likachora jimbo moja la weusi wengi, Wizara ya Sheria ikasema hapana, mngeweza kuchora mawili. Sasa badala ya kuchora la pili kule kusini-mashariki ambako lingewauma wabunge wao waliokuwepo, wakalichora katikati ya steti kufuata barabara kuu ya I-85. Hilo ndo jimbo la 12, lile uliloambiwa ulipofika. La mwaka 1992 lilikuwa na urefu wa kama maili 160 na sehemu nyingi halikuzidi upana wa barabara yenyewe, linatoka Durham linapita Greensboro linashuka mpaka Charlotte na kuendelea mpaka Gastonia, linaokota mitaa ya weusi njiani kama daladala inavyookota abiria. Mbunge mmoja wa steti alitania kwamba ukiendesha gari kwenye hiyo barabara na milango yote miwili wazi utaua karibu watu wote wa jimbo. Mzaha ule uliingia mpaka kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani, usicheze.

Hukumu yenyewe ni Shaw dhidi ya Reno, 1993, kura 5 kwa 4. Jaji Sandra Day O'Connor akasema jimbo lenye sura ya ajabu kiasi hiki, ambalo huwezi kulieleza kwa kitu kingine isipokuwa rangi, linaweza kupingwa kikatiba hata kama nia ilikuwa kuwasaidia weusi. 1996 wakalipiga chini rasmi. Bunge likachora upya 1997, likachora tena 1998, kesi ikarudi 1999, ikarudi 2001, na ile ya mwisho Mahakama ikakubali, tena 5 kwa 4, kwamba safari hii mchoro ulikuwa wa siasa zaidi kuliko rangi, basi upite. Shika hilo neno dada, maana ndo ufunguo wa kila kilichokupata wewe: ukichora kwa rangi unakamatwa, ukisema nimechora kwa chama unaachiwa.

Lakini matokeo ya 1992 tusiyadharau. Eva Clayton jimbo la 1 na Mel Watt jimbo la 12 ndo waliovunja ile miaka 91.

Sasa usije ukadhani hii michezo ni ya chama kimoja. 2001 viti vikawa 13, na mwenyekiti wa kamati ya mipaka kwenye Seneti ya steti, Mdemokrat, Brad Miller, 2002 akagombea kwenye jimbo jipya la 13 akashinda. Bahati ilioje! Fundi kajishonea suti yake mwenyewe.

Ila kilichotokea baada ya 2010 kilikuwa cha kiwango kingine. Warepublikan walishinda mabaraza yote mawili Raleigh kwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu karne ya 19, na walikuwa wamejipanga kitaifa kushinda mabunge ya steti mwaka huo hasa kwa sababu ya ramani. Wakamleta mtaalamu anaitwa Thomas Hofeller, na hapa niseme kitu kama mtu wa fani, kompyuta zilikuwa zimebadilisha mchezo. Zamani mchoraji alikuwa na makaratasi na kumbukumbu za wazee wa chama, sasa una kila mtaa, kura zake za chaguzi zilizopita, umri, rangi, unasogeza mstari kwa kipanya na namba zinabadilika palepale. Unaweza kujaribu ramani mia kabla ya chakula cha mchana.

Mbinu zenyewe ni mbili na zote wewe umezionja. Ya kwanza ni kurundika, wapinzani wako unawasukumia wote gunia moja, wanashinda jimbo hilo kwa kishindo, kura nyingi zinamwagika bure, majimbo ya jirani yanabaki yako. Ya pili ni kuwatawanya, unaupasua mji vipande na kila kipande unakitupa ndani ya kaunti za mashambani ambako kitazama kama chumvi kwenye pipa la maji. Mwaka 2011 walirundika. Jimbo la 12 likapandishwa weusi watu wazima kutoka asilimia 43.8 mpaka 50.7, jimbo la 1 kutoka 48.6 mpaka 52.7, wakisema sheria ya haki ya kupiga kura imewalazimisha. Uchaguzi wa 2012 Wademokrat wakapata zaidi kidogo ya nusu ya kura zote za Kongresi kwenye steti, wakaambulia viti 4 kati ya 13. Wewe ulipofika 2015 ulikuwa ndani ya hilo gunia, mbunge wako alikuwa Alma Adams, mwalimu wa Greensboro.

Februari 2016 majaji wa shirikisho wakasema majimbo ya 1 na 12 yamechorwa kwa rangi bila sababu ya msingi, chora upya ndani ya wiki mbili. Mahakama ya Juu ikaja kukubaliana nao 2017, hukumu aliandika Elena Kagan, na sheria ile ile iliyotumika kuwasaidia wazungu waliolalamika 1993 sasa ikawasaidia weusi. Bunge likachora, na safari hii mwenyekiti wa kamati David Lewis akasimama mbele ya watu akasema wazi kwamba anapendekeza ramani iwape Warepublikan viti 10 na Wademokrat 3, kwa sababu haamini kama inawezekana kuchora ya 11 kwa 2. Wengi walishangaa, huyu jamaa anakiri hadharani? Kumbe alijua anachofanya. Anatengeneza ushahidi kwamba ni chama, siyo rangi. Unakumbuka nilikwambia ushike lile neno.

Hapo wakabadili mbinu kwa Greensboro, kutoka kurundika kwenda kutawanya. Jimbo la 12 lote likahamishiwa Charlotte, na Alma Adams ikabidi ahamie huko kulifuata. Greensboro ikapasuliwa kati ya jimbo la 6 na la 13. Mstari ulipita katikati ya chuo cha North Carolina A&T, chuo kikubwa kuliko vyote vya kihistoria vya weusi Marekani, ukafuata mtaa unaoitwa Laurel, mwanafunzi anatoka bwenini jimbo moja anaingia darasani jimbo lingine. Kwa hiyo dada, lile la 13 uliloambiwa ni hilo. Uchaguzi wa 2016 matokeo yakawa 10 kwa 3, kama alivyosema.

Watu wakaenda mahakamani kupinga uchoraji wa kichama wenyewe. Juni 2019, kesi ya Rucho, Jaji Mkuu John Roberts na wenzake wanne wakasema kweli ramani kama hizi ni za kupindukia na haziendani na demokrasia, lakini mahakama za shirikisho hazina kipimo cha kuamua ipi imezidi, nendeni kwenye steti zenu. Kwa haki niseme kesi ile ilisikilizwa pamoja na ya Maryland ambako wakosaji walikuwa Wademokrat. Kagan aliandika upinzani mkali, lakini upinzani hauchori mipaka.

Basi wakaenda kwenye steti. Oktoba 2019 majaji watatu wa steti wakazuia ramani ya 2016 isitumike tena, Bunge likachora nyingine Novemba, Greensboro na Winston-Salem zikawekwa pamoja jimbo la 6, na 2020 ukapiga kura yako ya kwanza, Kathy Manning akashinda, steti nzima ikawa Warepublikan 8 kwa Wademokrat 5. Kisha sensa mpya, viti 14, Novemba 2021 Bunge likaipasua Guilford vipande vitatu, Februari 2022 Mahakama ya Juu ya steti ikasema kwa kura 4 kwa 3 kwamba katiba ya North Carolina hairuhusu upendeleo wa namna hii, wataalamu wa mahakama wakachora ramani ya muda, Guilford ikabaki nzima, na Novemba 2022 ikatoka 7 kwa 7. Kwenye steti ambayo kura zake ni nusu kwa nusu miaka yote hiyo, viti vikawa nusu kwa nusu. Wengi walidhani hapo tumefika.

Ila uchaguzi ule ule wa Novemba 2022 ulikuwa na sehemu nyingine ya karatasi ya kura ambayo watu wengi huwa wanaiacha tupu. Majaji wa Mahakama ya Juu ya steti huwa wanapigiwa kura. Warepublikan wakachukua viti viwili, mahakama ikageuka kutoka 4 kwa 3 upande mmoja ikawa 5 kwa 2 upande mwingine. Wakakubali kuisikiliza kesi upya, na tarehe 28 Aprili 2023 wakafuta hukumu iliyokuwa haijatimiza hata miezi 15. Katiba haikubadilika hata koma. Waliobadilika ni wanaoisoma. Mimi sina chama humu, lakini kama kuna siku moja tu ya kuikumbuka kwenye simulizi hii yote ni hiyo, siyo zile hukumu za Washington ambazo magazeti yanazipigia kelele. Kuna moja ya Washington ya Juni 2023, Moore dhidi ya Harper, ilitoka hapahapa North Carolina na ikasema mabunge ya steti hayako juu ya mahakama za steti, nzuri sana, imesaidia nchi nzima, ila kwenu ilikuta mahakama ya steti imeshajiondoa yenyewe.

Oktoba 2023 Bunge likachora ramani iliyokupa yale majina mageni. Guilford vipande vitatu tena, majimbo ya 5, 6 na 9. La 5 linakwenda magharibi mpaka milimani mpakani na Tennessee, la 6 linashuka kupitia Davidson na Rowan mpaka karibu na Charlotte, la 9 linaelekea kusini mpaka kambi ya jeshi ya Fort Bragg. Kathy Manning aliangalia ramani akaamua asigombee. Matokeo ya 2024 yakawa Warepublikan 10 kwa Wademokrat 4.

Sasa utaniuliza, kwa nini sisi tu? Angalia hesabu. Kaunti ya Guilford kwenye sensa ya 2020 ilikuwa na watu 541,299. Jimbo linahitaji kama 745,670. Kaunti yenu yote inaingia ndani ya jimbo moja na nafasi ya watu laki mbili inabaki, kwa hiyo hakuna hesabu yoyote inayolazimisha kuipasua, kuipasua ni uamuzi. Linganisha na Mecklenburg au Wake ambazo kila moja imevuka milioni, hizo hata malaika angezigawa. Kisha Guilford inapigia Wademokrat kwa wingi wakati Randolph, Davidson, Rockingham zilizowazunguka ni za Warepublikan wa kufa na kuzikana. Ukiiacha nzima unapata mbunge Mdemokrat, ukiikata tatu na kila kipande ukakipelekea majirani unapata Warepublikan watatu. Mnakaa katikati ya steti, mnafikika kutoka kila upande, kisu kinaingia popote. Asheville pia iliwahi kupasuliwa, ila iko pembeni milimani, hakuna majirani wengi wa kuigawia.

Na hiyo ya 2025? Yenyewe haikukugusa. Rais Trump alitaka steti za Warepublikan ziongeze viti kabla ya 2026, Texas ikaanza, wengine wakafuata, California ya Wademokrat ikajibu kwa kura ya maoni Novemba. North Carolina Oktoba ikabadilisha majimbo mawili tu, la 1 na la 3 kule mashariki, kaunti za pwani kama Dare, Hyde na Carteret zikaingizwa la 1 na kaunti kama Wilson na Wayne zikatolewa. Shabaha ni Don Davis, Mdemokrat mweusi aliyeshinda 2024 kwa chini ya pointi 2. Jimbo la 1 limekuwa na mbunge mweusi mfululizo tangu Eva Clayton 1992, na sehemu kubwa yake ni ardhi ileile ya Black Second. Novemba majaji wa shirikisho walikataa kuizuia. Na cha kuchekesha, au siyo cha kuchekesha, katiba ya North Carolina inakataza kugusa majimbo ya Bunge la steti katikati ya sensa mbili, lakini kwa majimbo ya Kongresi haisemi kitu, kwa hiyo wanaweza kuchora hata kila mwaka wakitaka.

Tuje kwenye swali lako la mwisho. Kwa kiti cha Kongresi, jimbo lako lilivyochorwa, nisikudanganye, mshindi anajulikana mapema, na kama kuna pa kubishana ni kwenye kura za mchujo. Lakini karatasi yako ina vyeo vingi ambavyo havina mpaka wa kupindishwa, gavana, mwanasheria mkuu, na hao majaji wa Mahakama ya Juu wanaopigiwa kura na steti nzima. Mwaka 2024 Jaji Allison Riggs alimshinda Jefferson Griffin kwa kura 734 kati ya zaidi ya milioni 5 na nusu, wakahesabu tena, wakashtakiana mpaka Mei 2025 ndo Griffin akakubali kushindwa. Huyo Riggs kabla ya ujaji alikuwa wakili, na ndiye mmoja wa waliosimama Washington 2019 kuitetea kesi ya Rucho upande wa waliopinga ramani. Kanisa moja la Wakongo hapo Greensboro likijaa Jumapili na wageni wake linakaribia hizo kura 734.

Mambo madogo ya vitendo. Ukibadilishiwa jimbo bila kuhama huna haja ya kujiandikisha upya, bodi ya uchaguzi ya kaunti inakuhamisha yenyewe, na ukitaka kuhakikisha ingia kwenye tovuti ya bodi ya uchaguzi ya steti uandike jina lako na kaunti, itakuonyesha majimbo yako yote, la Kongresi, la Seneti ya steti, la Baraza la steti. Fanya hivyo kabla ya kila uchaguzi. Usiamini kumbukumbu, usiamini hata barua yangu hii baada ya mwaka.

Na mbunge huyo usiyemjua, hata kama hukumpigia, ofisi yake inawajibika kwako. Kama una faili la mtoto au mume limekwama uhamiaji, pasipoti imechelewa, malipo ya wazee hayaji, unapiga simu ofisi ya jimbo lako na kuna mfanyakazi kazi yake ni hiyo tu. Watakuuliza anwani kwanza, kwa sababu wanashughulikia watu wa jimbo lao. Watu wengi wa jumuiya yetu wanapoteza wiki mbili wanapiga simu ofisi ya mbunge wa zamani. Kwa hiyo angalia namba ya jimbo kwanza ndo upige, na mwambie dada yako wa mtaa wa pili aangalie ya kwake mwenyewe, asinakili ya kwako.